Masharti ya Mshipi wa Jioni

Wavuvi wa mshipi katika Mto Kilombero wana masharti yao, na si machache. Usipige miguu chini. Usiongee kwa sauti. Ukitoka kutia petroli kwenye pikipiki, usiguse chambo. Nyungunyungu awe hai. Aliyekufa mpe bata. Na njoo jua likiwa linazama, usije saa nane mchana halafu ukalalamika kwamba mto hauna kitu. Ukiuliza sababu, jibu mara nyingi ni fupi: ndivyo tulivyokuta.

Masharti ya namna hii hunivutia kwa sababu yanaweza kupimwa. Hayataji mizimu wala husuda ya jirani. Yanadai kwamba samaki anasikia, anaonja, ananusa, na kwamba ana saa zake za kuamka. Hayo ni madai ya kibayolojia, na kwa zaidi ya miaka mia moja wanasayansi wamekuwa wakiyachunguza, tena mara nyingi wakitumia samaki wa jamaa moja na huyu anayevuliwa hapa, yaani kambale. Ukiyaweka masharti ya ukingoni mbele ya vipimo vyao, mengi yanasimama. Moja linasimama kwa mguu mmoja tu.

Tuanze na mhusika mwenyewe. Kambale wa mito yetu, Clarias gariepinus, aliandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1822 na Mwingereza William Burchell, baada ya safari zake za Afrika Kusini. Yupo kuanzia Nile hadi Mto Orange, na karibu katika kila bwawa, kinamasi na mfereji ulio katikati. Kando ya Ziwa Victoria wanamwita mumi. Hana magamba, ndiyo maana Wasabato hawamli. Anaweza kupita urefu wa meta moja na nusu na uzito wa kilo 50, ingawa wengi wanaofika sokoni Ifakara siku hizi wanaenea kwenye sufuria ya kawaida. Ana kichwa bapa, kigumu kama kofia ya pikipiki, vijicho vidogo vilivyokaa pembeni, na masharubu manane.

Kwake ni bonde zima. Masika yakikolea, Kilombero hufurika na kufunika mbuga kwa maili nyingi, na samaki huingia majanini kuzaa na kula. Maji yakipungua wanarudi mtoni. Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka huku. Maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, vidole huvioni. Hilo la kutoonekana kitu ndilo linaloeleza karibu kila kinachofuata.

Kwa nini jioni? Samaki wengi hawawezi kupanua wala kubana mboni ya jicho kama sisi. Mwanga ukibadilika, kinachohama ni seli zenyewe ndani ya retina: zile za mchana hurudi nyuma, zile za usiku husogea mbele, na rangi nyeusi inayozikinga nayo hujipanga upya. Kazi hiyo inaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Kwa hiyo perege, ambaye maisha yake ni ya macho, hupita katika kipindi ambacho jicho la mchana limeshachoka na la usiku halijawa tayari. Samaki wadogo nao wako hivyo hivyo. Anayewinda bila kutegemea macho hapo ana nafasi yake. Na kambale hupenda giza kweli: mwaka 1992 watafiti wa Afrika Kusini walionesha kwamba kambale wachanga waliofugwa gizani, wenye mahali pa kujificha, hukua vizuri na hugombana kidogo kuliko waliokaa kwenye mwanga. Wafugaji wa kambale wanaofunika mabwawa yao hawakosei.

Sehemu hizi za dunia jioni yenyewe ni fupi. Jua linashuka karibu wima, na baada ya kuzama una dakika ishirini na kidogo za mwanga wa kufungia ndoano. Mvuvi wa mtoni kusini mwa Uingereza, mwezi wa Juni, ana kama mara mbili ya muda huo. Ana anasa nyingine pia: msimu wake kwenye mito hufungwa kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, na ukifunguliwa, samaki anayemtoa kwa kawaida hupimwa, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini. Kilombero jioni huishia kikaangoni.

Tuje kwenye chambo, maana hapa ndipo kuna mengi.

Binadamu huonja kwa ulimi. Kambale na jamaa zake huonja kwa mwili mzima. Mwaka 1971 Jelle Atema alichunguza kambale mmoja wa Marekani na kukadiria kwamba kwenye ngozi yake ya nje, kuanzia masharubu hadi mkia, kulikuwa na vipokezi vya ladha vipatavyo 175,000. Mtu mzima ana elfu chache, karibu vyote mdomoni. Masharubu ndiyo yaliyojaa zaidi. Samaki huyo akipita sakafuni mwa mto huku ameyatandaza, anaonja matope ya kulia na ya kushoto kwa wakati mmoja, na sharubu moja likipata ladha kali kuliko jingine, anageukia upande huo. John Caprio wa chuo kikuu cha jimbo la Louisiana aligundua katika miaka ya 1970 kwamba vipokezi hivyo vinashtuka kwa amino asidi, hasa alanini na aginini, hata zikiwa zimechanganywa na maji mengi kiasi ambacho kifaa cha kawaida cha maabara kingeona maji matupu. Amino asidi ndizo zinazojenga protini. Zinavuja kutoka kwenye chochote chenye nyama kinachokatwa, kinachojeruhiwa au kinachoanza kuoza. Maini ya kuku yaliyolala usiku mmoja, utumbo wa samaki na dagaa waliovunda ni mavuno ya amino asidi, na mvuvi anayevichagua kwa pua yake mwenyewe anachagua vizuri.

Sasa kwa nini nyungunyungu awe hai? Ningedhani ni kwa sababu anajinyonganyonga, na hilo lina sehemu yake. Lakini mwaka 2014 Caprio na wenzake wa Japani walichapisha jambo ambalo halikutarajiwa. Walimchunguza kambale wa baharini anayewinda minyoo iliyojichimbia mchangani, haionekani na haitikisiki. Wakakuta kwamba samaki yule anahisi pumzi yao. Mnyoo akipumua hutoa kaboni dioksaidi, nayo ikiyeyuka majini huyaongezea asidi kidogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya kipimo cha pH. Kambale alikwenda pale pale, tena hata pale watafiti walipotoa maji yenye asidi hiyo kwenye tundu tupu lisilo na mnyoo. Kambale wa Kilombero ni wa tawi jingine la jamaa hiyo na maji yake si ya chumvi, kwa hiyo simkabidhi uwezo huo moja kwa moja. Ila sharti la nyungunyungu hai halina tena sababu ya kuchekwa.

Kuna pia chambo cha sabuni. Wavuvi wa sehemu nyingi za Afrika hukata sabuni ya mche vipande vidogo na kuvitia kwenye ndoano, na kambale humeza. Watu wa mjini hudhani ni utani. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta ya mnyama au ya mimea yaliyochemshwa na magadi makali, na ikiwa majini huyeyuka polepole saa nzima, ikiacha mkondo wa asidi za mafuta unaoteremka na mto. Kwa samaki anayefuata ladha hadi chimbuko lake, mkondo usiokatika una thamani kuliko tonge lililokolea la mara moja. Nyungunyungu wa kuchovya na kutoa, kuchovya na kutoa, hana mkondo. Ndiyo maana mvuvi mwenye haraka hapati kitu.

Sharti la petroli nalikubali bila ubishi: kwa kiumbe anayeonja kwa ngozi, tone moja la mafuta ya pikipiki si dogo. Hata mkono msafi una yake. Mwaka 1956 watafiti wa Canada walitangaza kilichokuwa kikiwatia hofu samoni waliokuwa wakipanda mito yao kila mtu alipoosha mikono juu ya maji. Ilikuwa serini, amino asidi nyingine, iliyomo kwenye ngozi za wanyama wanyonyeshao, dubu na binadamu wote. Samoni aliyekuwa akipanda mto alisita. Kambale hana sababu ya kumwogopa dubu, lakini wavuvi wa Kilombero hupaka mikono matope kabla ya kutunga chambo, na sioni hasara yake.

Limebaki la kelele, na hili ndilo lenye mguu mmoja.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mabingwa wengi waliamini kwamba samaki ni kiziwi. Aliyelishikilia hilo kwa nguvu alikuwa Otto Körner, daktari wa masikio wa Rostock, Ujerumani. Karl von Frisch, yule yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi yake ya nyuki, akachukua kambale mdogo asiyeona, akampa jina Xaverl, akamwekea bomba la udongo la kujificha. Kila alipompelekea nyama alipiga mluzi kwanza. Baada ya siku chache, mluzi peke yake ulitosha kumtoa samaki bombani kutafuta chakula. Von Frisch alimwalika Körner aje kuona, akaona, na mjadala ukaisha. Makala ya mwaka 1923 ilikuwa na kichwa kinachosema mambo yalivyo: kambale anayekuja akipigiwa mluzi.

Kinachomwezesha kilishaelezwa zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Mwaka 1820 Ernst Heinrich Weber alionesha kwamba jamii hii ya samaki wana mlolongo wa vifupa unaounganisha bondo na sikio la ndani. Sauti inatikisa hewa iliyomo kwenye bondo, vifupa vinaupeleka mtikisiko hadi sikioni. Bondo la kambale wetu ni dogo na limefunikwa na mfupa, si lile la sangara linalosafirishwa hadi Asia kwa bei ya kutisha, lakini kazi ya kusikia linaifanya.

Basi kambale anasikia. Je, anasikia maongezi yetu? Hapo fizikia inamtetea mpiga soga. Sauti inayotoka hewani ikigonga uso wa maji, karibu nishati yake yote hurudi juu. Inayopenya haifiki hata moja ya mia. Unaweza kubishana habari za Simba na Yanga ukingoni mpaka koo likauke, na chini ya maji itasikika kwa shida. Lakini kisigino kinachogonga udongo wa ukingo, ndoo inayoburutwa, kasia linalogonga ubavu wa mtumbwi, hivyo vinaingia majini bila kupitia hewani, na majini sauti hukimbia karibu kilometa moja na nusu kwa sekunde. Kwa hiyo "usipige miguu" ni sayansi, na "usiongee" ni nidhamu tu. Nilimweleza hivyo mzee mmoja wa Kindamba niliyekaa naye jioni moja kwenye ukingo wa juu, mbali na maji kwa sababu ya mamba. Akanitazama. "Mwanangu," akasema, "mtu anayeongea sana hasikii mshipi wake."

Mzee yule hakuwa na ufito wala kielea. Mshipi wake wa nailoni ulikuwa umezungushwa kwenye chupa ya plastiki, na chubwi lake lilikuwa jiwe lililotobolewa, maana risasi hununuliwa. Alikuwa ameulaza mshipi juu ya kidole cha shahada, na kambale alipofika hakukuwa na kishindo. Mshipi ulisogea kidogo, ukalegea, ukasogea tena. Alikuwa anaonjwa nyungunyungu. Mzee alisubiri hadi mshipi ulipoanza kwenda mfululizo, ndipo akavuta.

Aliyetoka alikuwa wa urefu wa mkono hadi kiwikoni, mweusi mgongoni, tumbo jeupe lenye utelezi. Mzee alimshika nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya mapezi ya ubavuni, kwa sababu kila pezi hapo lina mwiba wenye meno, na kambale anaweza kuukaza ukasimama kama kisu. Akamtia kwenye ndoo yenye maji ya kufunika mgongo tu. Kila baada ya muda samaki aliinua pua, akameza hewa kwa mlio wa busu, na viputo viwili vitatu vikatoka kwenye mashavu. Angeweza kukaa hivyo hadi asubuhi. Juu ya matamvua yake kuna vyumba viwili, na ndani yake vichaka vyekundu vyenye matawi, vilivyojaa mishipa ya damu, vinavyovuta oksijeni ya hewani. Lita moja ya maji ya mto yenye joto la nyuzi 30 hubeba miligramu saba na nusu hivi za oksijeni ikiwa imejaa kabisa; lita ya hewa ina zaidi ya mara thelathini ya hizo. Usiku katika mbuga iliyofurika, majani hayatengenezi oksijeni tena bali yanaitumia, na kufikia alfajiri maji yanaweza kukaribia kuishiwa. Perege huteseka. Kambale hupanda juu, humeza, hushuka kuendelea na kazi. Mzee anajua vidimbwi vyenye kambale kwa kusikiliza mlio huo, kabla hata ya kutupa mshipi.

Kuna hisi nyingine ambayo haina sharti lolote ukingoni. Mwaka 2001 watafiti Ujerumani walimweka kambale wa Ulaya gizani kabisa pamoja na samaki wadogo, wakarekodi kwa kamera ya miale isiyoonekana. Kambale hakuwakimbilia moja kwa moja. Alifuata njia waliyopita, kona kwa kona, akisoma msukosuko ulioachwa na mikia yao hata ikiwa zimepita sekunde kumi, kisha akawakamata kwa nyuma. Maji yalikuwa bado yana nyayo.

Na kuna umeme. Mwaka 1951 Hans Lissmann wa Cambridge alitangaza kwamba samaki mmoja wa Afrika, Gymnarchus, hutoa mkondo hafifu wa umeme kutoka mkiani bila kukoma, na baadaye akaonesha kwamba anautumia kujua kilichomzunguka gizani. Jamaa zake ni wale wenye midomo mirefu ambao watu wa Ziwa Victoria huwaita domodomo, na Kilombero wamo pia. Wao hutoa mapigo mafupi ya umeme, mengi yakiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa ajili ya kujiongoza na kuzungumza wao kwa wao. Ufupi huo unawalinda. Kambale hatoi umeme wa namna hiyo, lakini ngozi yake ina vitundu vinavyouhisi, mradi uwe wa kwenda polepole.

Katika delta ya Okavango, Botswana, maji yanapopungua kati ya Septemba na Novemba, makundi makubwa ya kambale hupanda mto yakipiga mafunjo kwa mikia ili kuwafurusha waliojificha, na chakula chao kikubwa ni jamii hii ya domodomo. Mwaka 2000 Susanne Hanika na Bernd Kramer wa Regensburg walieleza sehemu ya siri hiyo. Madume ya aina mojawapo hurefusha mapigo yao ya umeme wanapokomaa kwa kuzaa. Kambale waliofundishwa maabara walishindwa kuyagundua mapigo mafupi ya majike isipokuwa kwa karibu sana, lakini ya madume waliyapata. Dume anayejitangaza kwa majike anajitangaza pia kwa mlaji wake.

Mzee alisikiliza habari ya umeme kwa makini kuliko zote. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: ndoano ni chuma, je, nayo samaki anaihisi? Lilishaulizwa maabara. Mwaka 1917 George Parker na Anne van Heusen walifunga macho kambale wa Marekani na kuwasogezea vijiti. Kijiti cha kioo hawakukijali hadi kiwaguse. Cha chuma walikigundua kikiwa bado mbali kwa sentimeta kadhaa, kwa sababu madini yakiingia majini huanzisha mkondo mdogo wa umeme. Na mkondo ulipokuwa hafifu, ncha tu ikiwa imezama, kambale walikuja kukidonoa. Kipande kikubwa kilipozamishwa walirudi nyuma.

Kwa hiyo ndoano ndogo iliyofichwa ndani ya nyungunyungu haina neno, pengine hata inasaidia. Bonge la risasi lililofungwa karibu na ndoano ni jambo jingine, maana madini mawili tofauti katika maji yale yale huleta mkondo zaidi. Nilimwambia kwamba jiwe lake huenda ni bora kuliko chubwi la dukani, na kwamba angeweza kupima mwenyewe: mishipi miwili, chambo kimoja, ukingo mmoja, mmoja una risasi na mwingine una jiwe, ahesabu. Alisema atajaribu, ila si usiku ule, kwa sababu viboko walishaanza kutoka na njia yao ndiyo tuliyokuwa tumeikalia.